Namba ya Baba wa Pili

Kwenye kona moja ya mtaa wa Sanità, mjini Napoli, mbele ya baa ya Donna Titina, kuna benchi lenye wenyewe. Saa tisa alasiri utawakuta wanne walewale na vikombe vyao vidogo vya kahawa. Yupo Profesa, dereva wa tramu mstaafu, aliyekihifadhi kichwani kile kitabu cha ndoto ambamo kila jambo la dunia lina namba yake ya kuchezea bahati nasibu. Yupo Kengele, aliyekuwa akipiga kengele kanisani. Yupo Meya, aliyegombea mara tatu akapata kura ya mkewe, na mara ya tatu hata hiyo akaikosa. Wa nne ni Aniello, mshonaji wa makochi, ndiyo maana wakamwita Sindano. Sindano na Raffaele wake wanaishi nyumba moja tangu ujanani na mtaa mzima unajua. Miaka sita iliyopita Assunta, dada yake Raffaele, aliwaachia bintiye Nunzia "wikiendi moja tu", akapotea. Alhamisi hii Sindano alikuwa na barua mfukoni: Assunta anakuja Jumamosi kumchukua mtoto. Alikuwa hajamwambia mtu pale. Aliwajua wenzake, ukiwapa msiba wanautafutia namba.

— Jamani, ile filamu, akaanza Profesa. Ile ya kuchekesha, wanaume wawili wapenzi wanaachiwa mtoto ghafla. Wiki nzima ukumbi wa sokoni umejaa, watu wanashika mbavu. Kitu kama hicho hakipiti bure. Lazima tukichezee.

— Rahisi hiyo, akasema Meya. Mtoto wa kike, mbili. Kicheko, kumi na tisa. Baba je?

— Baba wa watoto, ishirini na tisa, akajibu Profesa.

— We mzee, acha hizo. Ishirini na tisa si baba, ni kile kinachofichwa na suruali.

— Kwani bila hicho baba anatoka wapi?

— Haya. Na baba wa pili?

— Ishirini na tisa tena.

— Namba moja haichezwi mara mbili, Profesa. Mashine inaitema.

— Mnaona sasa? Kengele akainua kidole. Hata mashine ya serikali inajua baba ni mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Mafahali gani wanaopika na kupiga pasi? akauliza Meya. Fahali ni wewe, ndiyo maana mkeo kahamia kwa dada yake. Sikilizeni, tujumlishe. Ishirini na tisa mara mbili, hamsini na nane. Hamsini na nane ni nini, Profesa?

— Kifurushi.

— Si ndiyo hiyo! Mtoto kaja kama kifurushi. Wahenga hawakukosea: baba na baba hujaza kibaba.

— Ni haba na haba.

— Ulikuwepo wakisema?

Sindano alikoroga kahawa yake ingawa sukari ilishayeyuka zamani. Siku nyingine angecheka kuliko wote.

— Lakini mtoto kulelewa na wanaume kuna madhara, akasema Profesa. Nimesikia redioni. Mwanamume akibeba mtoto miaka saba, mguu mmoja unafupika, maana anambebea upande mmoja.

— Sindano, akauliza Meya, we miguu yako ikoje?

— Ya kukupiga teke inatosha.

— Mnacheza, akasema Kengele. Mnamsahau hamsini na mbili, mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama akirudi, mtoto ni wake, na filamu lazima iishe hivyo. Ndiyo haki.

Hapo Sindano aliona uchungu hasa. Alitaka kumwuliza Kengele anaujua uchungu upi. Kabla hajafungua mdomo, Donna Ersilia, mpangaji mpya wa juu ya duka la mikate, akasimama mbele yao na mfuko wake wa mboga.

— Samahani mabwana. Hiyo filamu nataka kwenda kuiona na mume wangu, ila sipendi za kuniliza. Inaishaje?

— Vizuri, akasema Meya.

— Vizuri vipi?

— Mwulize Profesa.

— Mimi nilisimuliwa na shemeji.

Wote wakamgeukia Kengele.

— Mimi? Niende kutazama mambo yale?

Muda wote huo watatu hao wamebishana, na kati yao hakuna aliyeingia ukumbini.

— Mimi nilikwenda, akasema Sindano. Mara mbili, na sijui inaishaje. Mama anafika mlangoni. Wale wawili wanamvalisha mtoto koti, wanalivalisha nyuma mbele. Ukumbi mzima unacheka. Hapo ndipo nilipotoka, mara zote mbili.

Akaitoa barua, akaiweka juu ya benchi.

— Assunta anakuja Jumamosi kumchukua Nunzia.

Profesa, kwa mara ya kwanza maishani, hakutaja namba.

— Pole, ndugu yangu, Meya akasema taratibu. Lakini wewe kisheria ni mjomba tu. Hata ujomba wenyewe ni wa kuazima.

— Mmeniita mjomba miaka sita nikanyamaza, nikasema yasiwe maneno. Leo basi. Alikuja hapa hajui kutembea. Meno yake yaliyolegea nimeyang'oa mimi kwa uzi wangu wa kazi. Raffaele ni baba yake, na mimi ni baba yake. Assunta atafunguliwa mlango, atapewa kahawa, atamtazama mwanawe mpaka ashibe. Akitaka kwenda mahakamani, twende. Koti simvalishi.

Akasimama, maana Nunzia alikuwa karibu kutoka shule. Kengele akamshika mkono wa shati.

— Mimi sijasema nimekubali, akasema. Jumamosi saa ngapi?

— Saa nne.

— Nitakuwa mlangoni kwako saa tatu.