Elias Nkwabi na Ubao wa Mieleka wa Kirumba

Ndugu waombolezaji, mliokuja na lori kutoka Kirumba na ninyi wa hapa hapa Usagara mliokesha nasi msiba huu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Josephat Nkwabi, mdogo wake marehemu. Karatasi mliyogawiwa ina maneno haya haya ninayoyasoma. Nimeyaandika mwenyewe na hakuna aliyeyasahihisha, kwa hiyo yakimchoma mtu asimlaumu paroko wala mpiga chapa.

Marehemu Elias Nkwabi alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa Usagara. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Nkwabi Chenge, mkulima wa pamba na mcheza ngoma wa kundi la Bagika, na mama yetu Evelina, ambaye ameketi pale mbele na anasikia kila neno. Alichunga ng'ombe kama wavulana wote, na huko machungani alijifunza mieleka. Hakuwa hodari. Mama anasema alikuwa akirudi jioni na mchanga mdomoni, na akiulizwa ni nani amemwangusha, alimtaja mtu huyo kwa jina, kisha akaeleza kwa nini alistahili kushinda.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958 na kumaliza la nane mwaka 1965. Alikuwa na mwandiko mzuri na kichwa kigumu. Akiwa darasa la saba alipewa kibendera kwenye mechi ya mpira dhidi ya shule jirani. Dakika za mwisho shule yake ilifunga goli, na watoto wote wakaingia uwanjani wakiruka. Elias akanyoosha kibendera: mfungaji alikuwa ameotea. Siku iliyofuata alichapwa viboko sita. Alipoulizwa kama amejifunza, alijibu, "Ndiyo, mwalimu. Lakini alikuwa ameotea." Akaongezwa viwili.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Mwanza, na kuanzia 1975 akawa mkaguzi wa vitambaa. Kitenge kilipita juu ya meza yenye taa, naye palipo na kasoro alitia alama ya chaki. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Baba alipofariki mwaka 1972, mimi nilikuwa na miaka sita. Elias alinichukua, akanipeleka Kirumba, akanisomesha na kunilisha. Nikisema kaka, nasema pia baba, na ninyi wa Usagara mnalijua hilo.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa takatifu na Jovitha, binti wa Kihaya kutoka Muleba. Wazee wa hapa walinung'unika kwamba kijana wa Kisukuma atakufa njaa kwenye nyumba ya ndizi. Hakufa njaa. Ila siku ya kwanza shemeji alipompikia ndizi akamuuliza zikoje, marehemu alitafuna, akafikiri, akasema, "Ndizi ni nzuri. Chumvi ndiyo haijafika." Shemeji anasema alilia, akaongeza chumvi, na tangu siku hiyo sifa ya mume wake aliiamini, kwa kuwa haikutolewa bure.

Machi 1994 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Akafungua kibanda cha fundi baiskeli karibu na soko la Kirumba. Na hapo ndipo linapoanza jambo lililotufanya mimi na yeye tusisemeshane kwa miaka miwili.

Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu ameachiwa afanye biashara yake, na kila mwenye kipaza sauti alikuwa promota. Mwaka 1995 akatokea Bwana Antoni, ambaye nimemwona ameketi pale kwenye turubai na miwani yake myeusi. Alijenga ulingo wa mbao na kamba za nailoni kwenye kiwanja cha wazi, akatuita sisi wenye miili: wavuvi, wabeba mizigo, walinzi. Hatukuwa na klabu wala chama. Kila mtu alijitegemea na kujipa jina. Alikuwapo Tembo wa Geita, alikuwapo Kimbunga, na mimi nilijiita Ngosha wa Chuma. Nilishinda mapambano kumi na moja, na yote nilishinda kweli, kwa sababu mwanzoni hakuna aliyetuambia tufanye vingine.

Marehemu aliipenda mieleka hiyo kupita kiasi. Hakukosa Jumapili hata moja. Alisimama upande wa jua, mikono nyuma, kama yuko mbele ya meza yake ya kitambaa. Jumatatu asubuhi alitundika ubao mweusi nje ya kibanda na kuandika maoni yake kwa chaki. Watu walikuja wakiwa na baiskeli nzima kabisa, kusoma tu. Nayakumbuka mengi. "Tembo wa Geita: mwili wa tembo, pumzi ya kuku." "Kimbunga: ngumi yake haijafika, mwenzake ameshaugua." Kuna mvuvi wa Igombe aitwaye Maige, aliyevunjika kidole raundi ya kwanza akapigana mpaka ya nne na kushindwa. Juu yake ubao ulisema, "Huyu ni mtu. Mpisheni njiani."

Michezo ilipoanza kupangwa, yeye ndiye aliyeiona kwanza. Sisi waliotoka machungani tunajua kwamba mtu anayeangushwa kweli hana nafasi ya kuchagua pa kuangukia. Macho yake yako kwa adui mpaka ardhi impige. Anayejiangusha hutazama kwanza chini, kwa nukta moja tu, atafute mahali pazuri. Marehemu akaanza kuandika ubaoni neno moja mbele ya jina la mpiganaji: "Ametazama." Neno likashika Kirumba nzima. Muuza dagaa akikupunja, ametazama. Mchumba akikuambia alikuwa kwa shangazi, ametazama.

Siku moja Bwana Antoni alikwenda kibandani kumtuliza. Nilikuwepo, nimeshika pampu.

"Mzee Elias, shikamoo."

"Marahaba."

"Mzee wangu, mbona unatuharibia? Hii ni burudani tu. Si kama ngoma zenu za Kisukuma? Watu wanafurahi, wanakwenda nyumbani."

Marehemu hakuacha kuziba pancha. "Baba yangu alikuwa Bagika," akasema. "Alicheza na fisi, alicheza na moto, na watu walijua ni mchezo. Hakuna siku alijilaza chini mama zetu wakalia wakidhani amekufa. Wewe unawauzia watu uongo, halafu unaupaka damu. Mimi nasikia kinyaa, bwana. Kinyaa cha kutapika."

"Basi usije."

"Nitakuja. Asiyekuja hawezi kusema."

Sasa nafika kwenye Jumapili ya tarehe 14 Julai 1996. Nilipangwa na mtu aitwaye Privatus, aliyejiita Radi. Watu kama mia sita walilipa kiingilio. Wengi walitoka Ilemela kote na hata Misungwi, na wengi walikuja kwa ajili yangu, maana nilikuwa sijashindwa. Marehemu alikuwa mahali pake, upande wa jua. Raundi ya tatu Radi alinishika kiunoni, nikaenda chini, nikalala, uso umejaa damu. Wanawake walipiga mayowe. Mzee mmoja wa Usagara, yupo hapa, alivua kofia akidhani amefiwa.

Jumatatu ubao ulikuwa na mistari miwili. "Ngosha wa Chuma: ametazama." Na chini yake, "Damu gani hii isiyotoka kwa sabuni?"

Maana, ndugu zangu, ile damu ilikuwa rangi ya vitenge. Mtu mmoja aliichota kiwandani, Bwana Antoni akaiweka kwenye kifuko cha nailoni, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba rangi ya kitenge imetengenezwa isichuje. Mkaguzi wa vitambaa wa miaka kumi na tisa aliijua kwa jicho akiwa mbali. Nilisugua paji la uso kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Jumapili iliyofuata niliingia kanisani na kofia, katekista akaniambia niivue. Watoto wa kwaya walishindwa kuimba kwa kucheka. Leo mnaweza kucheka pia, nawaruhusu. 

Ila siku ile ya Jumatatu sikucheka. Nilikwenda kibandani na nyundo, nikaupasua ubao mbele ya watu. Marehemu aliniangalia mpaka nikamaliza. Akasema, "Ubao upo mwingine sokoni, Josephat. Wewe mwingine yuko wapi?" Niliondoka na nyundo yangu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kibaya kuliko kuanguka. Niliwaambia mashabiki kwamba kaka yangu ana wivu. Nikasema alitaka kuingia bure akakataliwa, ndiyo maana anatukana. Nikasema nimeanguka kwa sababu mtu wa damu yangu aliniangalia vibaya tangu asubuhi. Sikutamka neno uchawi, niliwaachia wenyewe walitamke, na wakalitamka. Wakamwita mchawi wa mieleka. Baiskeli zikapita mbele ya kibanda chake na tairi imelala, zinasukumwa kwa mkono mpaka kwa fundi mwingine. Rachel, binti yake mkubwa, alirushiwa maneno kisimani. Mtu aliyenilea aliishi na jina hilo miaka miwili, huku mimi nikipigana tena na Radi, nikishinda kwa mpango na kushangiliwa na watu wale wale. Nikiwaza makofi yale nasikia kinyaa, na ninayemsikia kinyaa ni mimi mwenyewe.

Marehemu hakujitetea. Alinunua ubao mwingine na kuendelea kuandika kila Jumatatu, hata wasomaji walipobaki watatu. Juu yangu hakuandika tena. Shemeji Jovitha alimwambia, "Nenda kwa wazee ukajisafishe." Akajibu, "Nijisafishe na nini? Aliyenipaka ndiye atakayenisafisha."

Mwezi Mei 1998 marehemu alianza kuugua tumbo. Alilazwa hospitali mjini Mwanza tarehe 9 Agosti, akakutwa na uvimbe kwenye ini uliokwisha kuenea. Nilikwenda kumwona Septemba 20. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Alikuwa amekonda, macho yamebaki yale yale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala," akasema. "Jovitha, mpe uji huu, mimi haupiti." Nikaunywa uji wa mgonjwa mbele yake, machozi yanaingia kwenye kikombe. Nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono. "Mimi nilikusamehe siku ile ile, ulikuwa na paji jekundu kama jogoo, nani angekukasirikia? Mimi si mdai wako. Nenda kwa wale mia sita. Walikuja kwa ajili yako, wakakulilia, ukiwa umelala pale unawasikia."

"Nitawapata wapi, kaka?"

"Nitawaita," akasema. "Nikifa watakuja, hata wasionipenda. Watu hawakosi msiba. Wasifu utausoma wewe. Na usinipambe, Josephat. Jioni zile za mchanga mdomoni ziweke pia."

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 13 Oktoba 1998, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Padri alikuwa amempaka mafuta matakatifu jana yake. Shemeji ndiye aliyemfumba macho.

Naona alisema kweli. Mmekuja wengi. Ninawatambua kwa sura, nyinyi mliokuwa mkisimama karibu na kamba. Basi sikieni. Mimi, Ngosha wa Chuma, Jumapili ile nilijiangusha. Bwana Antoni alipanga, Radi alijua, nami nilikubali kwa hiari yangu, kwa sababu nilitaka wingi wa watu kwenye mchezo wa marudiano. Nilipasua kifuko cha rangi kwa kidole changu mwenyewe. Kabla ya kwenda chini nilitazama. Katika watu mia sita aliona mmoja, akasema, nami nikamfanya mchawi. Hakuwa na wivu. Hakuomba kuingia bure. Shemeji ana vipande vya tiketi zake zote ndani ya Biblia. Kaka yangu aliwapenda wapiganaji kuliko ninyi mliotupigia makofi, kwa kuwa alitutaka tuwe wa kweli.

Lipo shada kubwa la maua lililoletwa leo na jina la kampuni ya Bwana Antoni. Familia inashukuru kwa kufika kwake, lakini shada hilo halitawekwa juu ya kaburi hili. Mama amekataa, na mimi namuunga mkono. Maua yake ni ya plastiki.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mama Evelina, mjane, Jovitha, watoto wanne, Rachel, Paulo, Paskazia na Gladness, wajukuu wawili, na mdogo mmoja aliyemlea, akamsomesha, akamwambia ukweli.

Wanaume mliomwita mchawi kwa kuniamini mimi, majembe yapo kando ya shimo, sogeeni tufukie pamoja. Bwana ampe Elias pumziko la milele, alale kwa amani. Sisi wengine atunyime usingizi kwanza, mpaka jina lake lirudi Kirumba likiwa safi.