Nyonga Isiyo na Saruji

Kwenye treni ya asubuhi, fundi lipu aliyekaa mbele yangu alimsimulia jirani yake, mwanamke anayeosha vyombo vya upasuaji, habari za mama yake aliyewekewa nyonga ya chuma. “Wiki ya pili tu, dada, nimeyatupa magongo yake juu ya kabati! Daktari alisema ayatumie wiki sita, ila madaktari hutia chumvi. Shangazi yangu naye aliwekewa nyonga, akatembea siku ya pili.”

“Ya shangazi ilishikizwa kwa saruji ile ya mifupa?” mwanamke akauliza.

“Ndiyo. Ya mama haina. Imepakwa kitu kinachokwaruza kama msasa.”

Mwanamke akashika kifua. “Kaka! Mkwaruzo ule ni ili mfupa uote na kuking'ang'ania chuma, na huchukua wiki nyingi. Wewe ukuta unaugongagonga ili lipu ishike, kisha unaiegemea lipu kabla haijakauka?”

“Lakini haumwi hata kidogo,” fundi akabisha. “Leo nimemwambia apande ngazi mara kumi.”

Nikamtaja Mungu kimoyomoyo, maana nilikwisha kumsifu fundi huyo kwa kumpenda mama yake. Fundi alikuwa amesema anashuka mwisho wa reli. Treni iliposimama kituo kilichofuata alitoka mbio, mwiko wake ukabaki kitini.