Wasifu wa Bibi Gundi, Aliyepewa Miaka Kumi

Tarehe 9 Machi 2005, jopo la madaktari wa moyo lilitamka kwa maandishi, kwa muhuri na sahihi tatu, kwamba vali ya tishu aliyowekewa marehemu ingedumu kwa kadiri ya miaka kumi, na kwamba baada ya hapo familia isiitegemee. Tamko hilo tunaliheshimu. Marehemu aliliheshimu kuliko sisi sote.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1933, mtoto wa nne wa seremala na mkunga. Shuleni alikaa miaka minane, na mingi kati ya hiyo aliitumia kushona madaftari ya wenzake yaliyoachia kurasa. Mwalimu mkuu alimchapa kwa kosa hilo, kisha akamletea daftari la mahudhurio alishone pia.

Mwaka 1951 aliajiriwa katika chumba cha kujalidi vitabu cha maktaba ya chuo, akakaa humo miaka thelathini na minane. Kilikuwa na dirisha moja refu. Asubuhi mwanga uliingia ukachanganyika na mvuke wa gundi, na kurasa zilizoanikwa kwenye kamba zilipanda na kushuka taratibu kama vifua vya watu waliolala. Watu waliotumwa kufuata kitabu walisimama mlangoni wakasahau kilichowaleta. Jina la Gundi alilipata humo. La Bibi lilikuja lenyewe.

Mwaka 1956 aliolewa na karani wa posta, mtu mpole aliyepiga mihuri hata usingizini. Walijaliwa watoto watatu. Karani alifariki mwaka 1998.

Mwishoni mwa 2004, ngazi kumi na moja za nyumbani kwake zilianza kuwa nyingi. Ilionekana vali ya moyo imekakamaa na damu inapita kwa shida. Daktari wa upasuaji alimweleza kwamba vali mpya ya chuma ingedumu zaidi, ila angemeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Ya tishu haikudai hivyo, lakini huchakaa.

"Ya tishu imetengenezwa na nini?" aliuliza.

"Utando wa moyo wa ng'ombe, mama, uliotiwa dawa usioze."

"Unakakamaa?"

"Kwa vijana, haraka. Kwa mtu wa umri wako huenda polepole."

"Kumbe uzee una kazi," alisema marehemu. "Niwekee hiyo. Vitu vya ng'ombe, gundi na ngozi, nimeshinda navyo tangu ujana. Vinavyoharibika ni vile vinavyoshikwa na watu wasionawa."

Baada ya upasuaji alianza kuota malisho. Anasimama kwenye nyasi ndefu, mvua inampiga mgongoni, hawazi lolote, na mbali kuna wengine wamesimama vilevile. Daktari alieleza kwamba ndoto hizo hazina uhusiano wowote na vali. Marehemu alimshukuru, akaendelea kuziota.

Katika foleni ya kliniki alikutana na mpima ardhi mstaafu, mgane, aliyekuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na shati lililopigwa pasi upande mmoja tu. Mpima alimposa baada ya miezi minane. Marehemu alitoa ile barua ya hospitali kwenye mkoba, akamsomea.

"Nina miaka kumi," alimwambia. "Tisa na kitu, kwa sasa."

Mpima alikuwa amezika mke mmoja na hakutaka kuzika wa pili. "Sitaki kubaki tena peke yangu, Gundi."

"Basi tafuta mwenye mkataba mrefu."

Alirudi siku ya tatu. "Nimepiga hesabu. Kwa moyo wangu huu, nitakutangulia." Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 2006, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba yeye ndiye atakayeaga kwanza. Kila asubuhi mpima aliweka sikio kifuani pake na kutoa ripoti: "Inafungua. Inafunga." Kisha chai.

Marehemu alijiandaa kwa nidhamu. Kufikia mwaka wa tisa alikuwa amegawa cherehani, kabati, na sufuria zote isipokuwa mbili. Mwaka wa kumi ulipita. Mwaka wa kumi na moja alikwenda kwa binti yake kuazima sufuria yake mwenyewe, akaambiwa airudishe Jumamosi.

Mwezi Aprili mwaka huu, daktari kijana aliyempiga picha ya moyo kwa mashine alikatiza kazi. "Bibi, faili lako lina makosa. Limeandikwa vali ya 2005."

"Halina makosa, mjukuu wangu. Endelea kupaka hayo majimaji, yanapoza."

Mwezi Mei alipata nimonia. Tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi, mume wake aliweka sikio kifuani kama kawaida na kutoa ripoti ileile, kwa sauti ndogo. Alipomuuliza anaona nini, marehemu alijibu, "Nyasi. Zimelowa." Alifariki kabla ya adhuhuri, akiwa na miaka tisini.

Ameacha mume, ambaye hesabu yake ilikosea na ambaye ameomba isemwe hapa kwamba hadai kitu. Watoto watatu, wajukuu saba, vitukuu wawili, na mdogo wake wa kike. Sufuria zimerudi zote.

Alale salama, mahali palipo na nafasi ya kusimama.

Barua ya hospitali imo kwenye mkoba wake. Ilichanika kwenye mikunjo mwaka wa sita, akaibandika. Mwaka wa kumi na nne ikachanika tena, akaitia mgongo mpya, kama kitabu. Vali haikuguswa.