Dang'a Niliyoimwaga

Mlionizidi umri, shikamooni. Ninyi wadogo, marahaba zenu nimeshazitoa getini. Naona kwenye kikao hiki mnaokaribia kujifungua mmekaa mbele, na mama wakwe wenzangu mmejibanza kule nyuma karibu na mlango. Sogeeni, maana leo nasema na ninyi.

Mimi ni wa hapahapa Mungaa. Nafuga, nalima alizeti, na nyumbani kwangu nikishasema, limesemwa. Miaka minne iliyopita mke wa mwanangu alishikwa na uchungu ghafla, akajifungulia nyumbani. Mtoto wa kiume, mzima, kilio chake kinasikika hadi kwa jirani. Mkwe wangu akataka kumnyonyesha, nikamwambia asubiri. Nikaleta bakuli, nikakamua yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, nikayamwaga nyuma ya nyumba. Mimi nililelewa hivyo, kwamba ile njano ni uchafu, mtoto angoje yaliyo meupe.

"Mama, kliniki walisema anyonye mara moja," mkwe wangu alisema kwa sauti ya chini.

"Hao wa kliniki ndio walionilelea mume wako?"

Mnacheka, lakini jibu lile linaniaibisha mpaka leo. Siku tatu nikamnywesha mjukuu wangu maji ya sukari na maziwa ya mbuzi, tena kwa majivuno.

Siku ya tano akaanza kuhara. Siku ya sita macho yalikuwa yamezama na sauti imekwisha. Tukapanda bodaboda mpaka hospitali, Singida mjini, wakamtundikia dripu. Muuguzi akauliza, "Amekunywa kitu gani zaidi ya maziwa ya mama yake?"

Mkwe wangu akatazama miguu yake. Na mimi, mtu mzima na heshima zangu, nikajibu, "Hakuna."

Ndugu zangu, nawaambia, nilidanganya nimesimama kando ya kitanda cha mtoto anayekufa. Yule binti angeweza kunisema palepale. Hakunisema, alinistahi, na heshima ile iliniuma kuliko matusi. Saa chache baadaye mtoto aliacha hata kunung'unika. Hapo nikamfuata muuguzi koridoni, nikamweleza yote, bakuli, maji, mbuzi, yote. Nilijua atanifokea. Akaniuliza tu:

"Bibi, unafuga?"

"Nafuga."

"Ng'ombe akizaa, dang'a yake, ile ya njano ya kwanza, unaimwaga?"

"Ala! Ndama si atakufa?"

Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria. Nikakaa sakafuni, nikalia kama mtoto.

Daktari alipoambiwa ukweli wakampima upya mtoto, wakabadilisha dawa. Muuguzi naye akamfundisha mkwe wangu kumweka mtoto kifuani mara kwa mara, ili maziwa yaliyokuwa yamepungua yarudi. Kisha akanieleza na mimi. Alisema vijidudu nilivileta mwenyewe na yale maji, na kinga nilikuwa nimeshaimwaga. Kwenye dang'a mna mambo mengi ya kumlinda mtoto, na mojawapo ni sukari ya aina yake, si hii ya chai, inaitwa asidi ya sialiki. Jina hilo lilinitesa ulimi siku mbili nzima. Kumbe sote tunayo mwilini, kwenye mate, kwenye ute wa tumboni, juu ya kuta za utumbo. Vijidudu vingi hushika hapo ili vikae. Lakini maziwa ya kwanza yamejaa sukari hiyohiyo, basi vingine vinang'ang'ania iliyo kwenye maziwa, vinapitiliza, vinatoka na choo. Mimi mfugaji nikaelewa upesi: ni kupe aliyeshika fimbo yangu akidhani kampata ng'ombe. Tena wataalamu wanaamini inasaidia kujenga ubongo wa mtoto mchanga, ambaye mwili wake bado hautengenezi ya kutosha.

Kazi yangu pale wodini ikawa kupika uji wa mkwe wangu, kufua, na kufunga mdomo. Hiyo ya tatu ilikuwa ngumu. Siku yetu ya nne hapo hospitali mtoto alinyonya hadi akatoka jasho, nikatoka nje kumshukuru Mungu. Leo anafukuza kuku wangu kutwa nzima.

Mwezi uliopita mkwe wangu alikwenda tena kujifungua, safari hii hospitali. Mwanangu akamuuliza amsindikize nani. Akasema, "Mama." Mimi! Mtoto wa kike alipowekwa kifuani, mikono hii iliyokamua ndiyo iliyomshika kichwa. Mkwe wangu akanitazama akitabasamu.

"Mama, ni ya njano."

"Nimeiona, mwanangu. Mwache anyonye."

Namshukuru muuguzi yule, sitamtaja, aliyeniuliza swali badala ya kunigombeza. Namshukuru mkwe wangu, amekaa pale na mtoto wake, aliyenipa nafasi ya pili ambayo sikuistahili. Ninyi mlio wajawazito, mkiulizwa hospitali, semeni kweli, hata kama mama mkwe amesimama pembeni kawakazia macho.

Na ninyi wenzangu wa mlangoni: mikono ikikuwasha kukamua, nenda zizini. Na huko nako, ndama aanze.