Salvina Kembabazi Anaiacha Mashine Ikizunguka

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi katika Kituo cha Afya cha Mtakatifu Klara, Kamuli, Bi. Salvina Kembabazi, Mkuu wa Kitengo cha Dobi, anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili 2025. Wafanyakazi tunamwita Mama Agnetha, kwa jina la binti yake wa kwanza. Amesema hataki wasifu mrefu. Nimemsikia, nimeitikia, na nimeamua kutomtii, kwa sababu sidhani kama nitaipata tena nafasi hii.

Mwezi Mei mwaka jana, mganga mfawidhi wetu, Dk. Tumwine, alitamka kikaoni kwamba siku Mama Agnetha atakapoondoka, mashine ya kukausha nguo nayo itaondoka. Hakusema kwa ubaya. Aliona mashine ile inamsikia mtu mmoja tu, na mtu huyo umri wake wa kustaafu umefika. Nguo zetu zingepelekwa kwa dobi wa kukodi kule Kayanga, na wasaidizi wawili wa kitengo, Ninsiima na Placidius, wangetafuta riziki kwingine. Anayeijua barabara ya kutoka huku hadi Kayanga wakati wa masika anajua nguo za wodi ya wazazi zingekuwa zinarudi lini. Mama Agnetha alisikiliza hadi mwisho, akasema amesikia, akarudi kazini. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba hajakubali.

Bi. Salvina ni mzaliwa wa Kanoni, wilayani Karagwe. Alipoajiriwa mwaka 1996 kama mfuaji wa kawaida, dobi yetu ilikuwa beseni la saruji, pasi ya mkaa na kamba ndefu nyuma ya jengo. Mvua zikianza, mashuka yalihamia jikoni, yakatundikwa juu ya mafiga kati ya sufuria za ndizi na maharage. Watoto wa miaka ile walitoka wodini wakinukia moshi. Vitambaa vilivyopelekwa kwa mama aliyejifungua mara nyingi vilikuwa na unyevunyevu, na Mama Agnetha hajawahi kulizungumzia jambo hilo bila kukunja uso. Huwa anasema mtoto hakuja duniani kupokelewa na baridi.

Mwaka 2014 masista waliokuwa wanarudi kwao walituachia mashine mbili za kukausha nguo. Zilikuwa mashine za nyumbani, za familia ya baba, mama na watoto wachache. Sisi tukazipa wodi nzima. Wapo waliosema hazitafika Krismasi. Mama Agnetha alivuta kigoda, akakaa mbele ya mashine siku kadhaa huku zikifanya kazi, akisikiliza zinavyonguruma, akipeleka kiganja nyuma kwenye bomba la kutolea hewa, akipima joto la nguo zinapotoka. Akaanza kuweka sheria. Chujio la vumbi la nguo lisafishwe kila mzigo, si kila mtu anapojisikia. Mashine isijazwe hadi mlango ufungwe kwa goti. Mifuko yote ya nguo ikaguliwe, kwa sababu ndugu wa wagonjwa husahau humo kahawa zao za kutafuna, na kahawa ikishaungua ndani ya mashine, mashuka hutoka na madoa ambayo sabuni ninayoitoa mimi mtunza stoo haiyawezi. Kuhusu sabuni hiyo tumegombana miaka yote. Yeye aliiita haba, mimi niliiita ya kutosha, na leo namwachia ushindi.

Lakini habari inayomweleza vizuri zaidi ni ya msimu wa senene wa mwaka 2016. Walinzi wetu walifunga taa kali kwenye ukuta wa nyuma wa dobi, wakasimamisha mabati na mapipa kama ilivyo desturi ya kuwanasa panzi hao wa kuliwa. Senene wakaja wengi, na wasioangukia pipani wakaingia kwenye mdomo wa bomba la mashine iliyobaki, maana ya kwanza ilikuwa imeshakufa. Kulipokucha Mama Agnetha alifungua mlango akakuta senene waliokaangika katikati ya nguo za wachanga. Walinzi walicheka na kuuliza kama kuna chumvi. Yeye hakucheka. Alichukua wavu mzuri wa dirishani, wa kuzuia mbu, akaukaza kwa waya kwenye mdomo wa bomba kule nje, na senene hawakuingia tena.

Baada ya wiki chache nguo zikaanza kuchelewa kukauka. Kisha mashine ikawa inajizima yenyewe katikati ya kazi. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Uongozi ukaagiza izimwe, na ulikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kitu kinachonukia moto hakiachwi kwenye jengo lenye wagonjwa. Fundi aliyeitwa aliitazama, akasema hita imekufa na kwamba mashine hiyo sasa ni chuma chakavu. Wakati huo mvua ilikuwa inanyesha kutwa, na mashuka yalikuwa yamesharudi jikoni. Mama Agnetha aliomba aachiwe mashine hadi mwisho wa wiki, azime kila kitu na aichunguze mwenyewe.

Alianzia ukutani. Alichomeka pasi kwenye ile soketi, ikapata moto, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Akachomoa plagi ya mashine, akakagua mlango unavyojifunga, akatoa chujio akaliosha, akapapasa bomba la nyuma aone kama halikukunjwa. Vyote vilikuwa vizima. Jambo moja tu lilimkera: nguo zilikuwa zikitoka za moto lakini zimeloa. Hita iliyokufa ingetoa wapi moto huo? Akalichomoa bomba nyuma ya mashine, akafungua madirisha, akaweka vitambaa vichache, akasimama pale pale kuilinda. Vikakauka. Mashine ilikuwa nzima, na ubaya ulikuwa huko mbele, hewa inakotokea.

Alitoka nje na ngazi kwenye mvua, akapanda, akakuta wavu wake mwenyewe. Vumbi lote la nguo lililokuwa likisukumwa na hewa lilikuwa limenasa pale, likaloa, likagandamana kama kipande cha blanketi. Hewa haikuwa na pa kutokea, joto likarudi ndani, na kifaa cha usalama kikawa kinakata umeme ili tusiungue. Hakuna aliyekuwa anamwona juu ya ngazi. Angeweza kuutupa ule wavu shimoni, akashuka na kusifiwa kwa kufufua mashine. Badala yake alikuja nao kikaoni asubuhi, akauweka mezani mbele ya daktari.

“Waitu, daktari, mashine haina kosa,” alisema, akianza kwa neno letu la heshima. “Kosa ni langu, hili hapa.”

Tangu siku hiyo nimemheshimu kuliko ninavyomwonyesha. Bomba lilipata kifuniko chenye ulimi unaojifungua hewa ikitoka na kujifunga ikiisha. Taa ya senene ikahamishiwa upande wa pili wa uwanja, na ndoo ya kwanza ya msimu uliofuata walinzi walimpelekea yeye kwa kuomba radhi.

Nirudi sasa kwenye ule uamuzi wa Mei mwaka jana. Mama Agnetha hakubishana na daktari. Aliona kwamba daktari anaogopa jambo la kweli, na dawa yake ni mashine kuwa na watu wanaoijua, si mtu mmoja. Basi akaanza kuiharibu makusudi. Jioni alikuwa anakunja bomba, au anaegesha mlango usijifunge sawasawa, au analegeza plagi, halafu asubuhi anakaa pembeni na kuwaachia Ninsiima na Placidius mtihani. Placidius aliwahi kumaliza nusu siku akiwa amefungua nyuma yote ya mashine, kumbe plagi iko sakafuni. Hatujamwacha apumue kwa hilo hadi leo.

Aliwafundisha kuuliza kwanza ni nani aliyeigusa mara ya mwisho na alifanya nini, hata kama aliyeigusa ni wewe. Kisha aliwapa njia nne, ambazo mimi wa stoo nimezishika kwa kuzisikia kupitia ukuta wa stoo. Ikinyamaza kabisa, anza kwenye soketi na mlango. Nguo zikitoka za baridi, tafuta hita. Zikitoka za moto na zimeloa, tafuta hewa. Ikinguruma bila kuzunguka, tafuta mkanda. Na kabla ya mkono wowote kuingia ndani, plagi itoke ukutani. Kwa hilo la mwisho hakuwa na mzaha, na Placidius aliyelisahau mara moja alifua kwa mikono kwa wiki nzima.

Mtihani wa kweli ulikuja mwezi huu, wiki mbili kabla ya kustaafu kwake. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili na wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Mashine ya kwanza ilikwishastaafu kabla yake na kugeuka vipuri, hivyo tulibaki na moja. Asubuhi hiyo ikanguruma, ikatetemeka, isizunguke. Habari zikamfikia Dk. Tumwine, akaja mwenyewe akasimama mlangoni. Nami nilikuwepo, kwa kisingizio cha kuleta sabuni.

Mama Agnetha alikuwa mezani anakunja mashuka, kawapa mgongo. Ninsiima alimtazama akingoja neno, yeye akaendelea kukunja. Daktari akaona aingilie kati.

“Mama Agnetha, wasaidie basi, wazazi wanasubiri.”

“Daktari, mimi mwezi ujao sipo,” alijibu bila kugeuka. “Waulize wenye mashine.”

Ninsiima alichomoa plagi. Akauliza nani aliiwasha, Placidius akasema ni yeye, na kwamba mzigo haukuwa mkubwa. Ninsiima akafungua mlango, akaingiza mkono na kulisukuma pipa la ndani. Likaenda kirahisi mno, likizunguka bila kushikwa na kitu chochote. Wakatazamana.

“Mkanda,” alisema Placidius.

“Mzee Nolasco, shikamoo,” Ninsiima aliniambia. “Mkanda wa mashine stoo upo?”

Ulikuwepo. Mama Agnetha aliniagizisha Mwanza tangu mwaka jana na kunikataza kuutaja hadi niulizwe. Kukaa kimya mbele ya daktari siku ile kulikaribia kunishinda, na anayenifahamu anajua kukaa kimya si kazi yangu. Niliuleta mbio. Wakafungua, wakautoa uliokatika, wakauzungusha mpya kwenye pipa na kwenye mota, wakakosea upande, wakarudia. Placidius akafunga nyuma, Ninsiima akarudisha plagi na kubonyeza. Mashine ikazunguka.

Watu wote walikuwa wanaitazama mashine. Mimi nilimtazama Mama Agnetha. Muda wote ule alikuwa na shuka moja, lile lile, analikunja na kulikunjua. Mwanamke aliyepanda ngazi kwenye mvua bila kusita alikuwa amefanya jambo gumu kuliko yote ya utumishi wake, nalo ni kutosogea. Nilitoka nje nisionekane nikifuta macho.

Kesho yake kikaoni Dk. Tumwine alitangaza kwamba nguo zetu haziendi Kayanga. Dobi inabaki, mashine inabaki, na Ninsiima ndiye mkuu mpya wa kitengo, Placidius akiwa msaidizi wake. Alimwomba Mama Agnetha aseme neno. Alisimama, akasema chujio la asubuhi hiyo halijasafishwa, akaketi.

Mama Agnetha, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya akina mama ambao hawakuwahi kujua jina lako lakini walipokea watoto wao kwenye kitambaa kikavu, tunakushukuru. Mungu akujalie afya, usingizi mrefu wa asubuhi na migomba minene kule Kanoni, na wajukuu wakuzunguke. Tumekununulia kitenge na viti vya kukalia wageni, lakini zawadi yenyewe hasa ni hii: mashine ikisimama, hatutakupigia simu. Simu yetu ikiita kwako, pokea bila wasiwasi, ujue tunataka kukusalimu tu.

Nolasco Pastory
Mtunza Stoo