Kitabu cha Khaki cha Mwalimu Telesphor

Wasikilizaji wapendwa, kitendawili! Ana meno themanini na nane, na hajawahi kumng'ata mtu. Mmeshindwa? Ni piano. Leo bibi yenu anamkumbuka Mwalimu Telesphor, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Edmonton, hapa hapa London. Ametutoka akiwa na miaka sitini na saba. Alifundisha piano. Alifundisha wanaoanza tu, wakubwa kwa wadogo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua kitabu. Mtoto wa miaka mitano au sita alipewa chenye nota kubwa na picha. Wa miaka kumi, kinachokwenda mbio kidogo. Mtu mzima, chenye maelezo. Na kila kitabu alikivika karatasi ya khaki, kama daftari zetu za shule.

Hapo ndipo Zipporah alipoingiwa na shaka. Zipporah ni Mkenya, anahudumia wazee majumbani, ana miaka sitini na moja. Alitaka kupiga wimbo mmoja, ule aliouimba marehemu mama yake akichambua maharagwe. Mmoja tu. Alianza masomo pamoja na mjukuu wake Daisy, wa miaka sita.

Lakini kitabu chake kilikuwa na viraka vya karatasi nyeupe, vimegundishwa kila ukurasa. Mwalimu anaficha nini? Na mbona siku ya kwanza alimsomesha tangazo la ukutani, kisha akamkunja vidole kimoja kimoja? Yeye ni daktari?

Jumamosi moja, jikoni, akabandua kiraka kwa kisu. Dubu! Dubu anapiga ngoma. Daisy alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Shosho, hiki ni kitabu kama changu!"

Zipporah akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Umenifanya mtoto?"

"Mama Zipporah, macho yako yanataka nota kubwa. Na vidole vimechoka kuinua wazee."

"Si ungeniambia!"

"Ningekuambia mbele ya Daisy, ungerudi?"

Akakibwaga kitabu juu ya piano, akaondoka. Hakurudi wiki tatu. Wiki ya tatu, moyo wa mwalimu ukasimama.

Mjane wake, Mama Thérèse, akamletea Zipporah kitabu kingine. Khaki tena. Zipporah hakukigusa.

"Ndani kuna nini?"

"Sijui, dada. Alikuwa anaandika huku ameziba kwa mkono, hata mimi nikamshuku. Fungua."

Akafungua. Ulikuwa wimbo wa mama yake, ule ambao Zipporah alimwimbia mwalimu mara moja tu. Dukani hakuna kitabu chenye wimbo huo. Mwalimu aliuandika kwa mkono, nota nene kama maharagwe. Hakuna dubu, hakuna viraka. Juu kaandika: "Kitabu cha mtu mzima." Na tarehe ni ya siku ile ile waliyogombana.

Jana, kwenye ibada ya kumuaga mwalimu, Zipporah aliupiga. Alikosea mara mbili. Daisy ndiye aliyemfunulia ukurasa.

Mama Thérèse, watoto na wajukuu, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wapendwa, kitendawili cha mwisho: nani huvalishwa nguo ili mwenzake asione aibu? Jibu mnalo. Sasa mfikirieni yule mliyemnunia kwa shaka tupu. Kama yu hai, mpigieni simu. Zipporah hana tena pa kupiga.