Dada Yetu na Fomu za Kasoro

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba hii, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambayo sehemu kubwa aliyaandika mwenyewe akiwa kitandani, katika daftari la shule, akaniagiza nisipunguze kitu, hata pale ambapo ningetamani kuruka mstari.

Dada alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo cha mbele kilikuwa cha kazi ya baba, na akiwa na miaka sita alimwambia mteja mmoja, mbele za watu, kwamba mguu mmoja wa suruali yake mpya ni mrefu kuliko mwenzake, baba akaona haya, akachukua futi, akapima, akakuta ni kweli, na tangu siku hiyo tukamwita Dada Futi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, sekondari 1975 hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu cheti cha maabara mwaka 1981, na tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha mabomba ya plastiki kama msaidizi wa maabara, kazi yake ikiwa kukata vipande vya mabomba yaliyotoka mashineni, kupima unene wake, na kuvijaza maji kwa shinikizo mpaka aone vinahimili au vinapasuka.

Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa jiografia, ambaye yupo hapa mbele yenu, na aliyewakutanisha alikuwa rafiki wa mwalimu tangu shuleni, mhandisi wa kiwanda kile kile, ambaye pia alisimama kama msimamizi wa harusi yao, na toka hapo hakumwita dada kwa jina, alimwita shemeji, nyumbani na kazini. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mwaka 1988, wa pili 1991, na wa mwisho 1995.

Mwaka 2003 wateja wakubwa walianza kukataa mabomba ya kiwanda kisicho na cheti cha mfumo wa usimamizi wa ubora, na mhandisi yule, wakati huo akiwa meneja mkuu, alimteua dada kuwa msimamizi wa ubora kuanzia Januari 2004. Dada aliandika taratibu za kila mashine kwa lugha ambayo mwendesha mashine angeielewa, akabandika, akazibandua zilipokosewa, akaandika upya, lakini moyo wa mfumo wote, kama alivyokuwa akituchosha nao mezani, ulikuwa karatasi moja, fomu ya kasoro, ambayo mfanyakazi yeyote aliyeona kosa, hata likiwa lake, aliijaza ili chanzo kitafutwe na kirekebishwe.

Hakuna aliyeijaza. Fundi wa mashine namba tatu, mtu wa maneno mengi na mzaha, alimwambia wazi, "Dada Futi, yaani nijichongee kwa mkono wangu mwenyewe, halafu na kalamu unipe wewe?" na wenzake wakacheka, dada naye akacheka nao, kisha akapanda ofisini kwa meneja, wakapeana mkono kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichoandika, akateremka, akazunguka mashine kwa mashine, zamu zote, akiwaambia, "Neno langu hili, mnanijua."

Walikuwa wanamjua, wakaandika. Fomu hazikuwa na nafasi ya jina, na ni dada mwenyewe aliyeiongeza, kwa sababu aliona si haki mtu aokoe shehena nzima isirudishwe na wateja, halafu asishukuriwe, hivyo kila mwisho wa mwaka orodha ya walioandika kasoro nyingi ilisomwa bwaloni na watu wakapiga makofi. Cheti kilitolewa tarehe 9 Novemba 2005, kikatundikwa mapokezi, na kufikia siku hiyo fomu mia sita na kumi na mbili zilikuwa zimejazwa, zote zimo kwenye faili, zimepangwa kwa majina.

Mwanzoni mwa Machi 2007 meneja alishuka maabara akamwambia, "Shemeji, niazime lile faili, nataka kulipitia kabla ya kikao," na dada akampa, akamwekea na alama za rangi ili asihangaike kutafuta. Jumatatu, tarehe 19 Machi, wafanyakazi kumi na wanane walipewa barua za kuachishwa kazi, biashara ikiwa imepungua, na kigezo kilichoandikwa kwenye barua kilikuwa idadi ya makosa, yaani orodha ile ile iliyopigiwa makofi bwaloni, kuanzia juu kushuka chini.

Dada alipanda ofisini, na tunachojua ni kwamba meneja alimjibu, "Shemeji, sheria ilinitaka niwe na kigezo cha maandishi, na maandishi niliyokuwa nayo ni yako." Mimi simhukumu, kwani sijawahi kuchagua watu kumi na wanane, ila hakuja tena nyumbani kwao, wala mwalimu hakumwita.

Mwaka uliofuata fomu zilikuwa nne, zote kwa mwandiko wa dada, na mkaguzi wa cheti aliandika katika ripoti yake kwamba kasoro zimepungua mno, akaupongeza uongozi. Dada alikitayarisha kiwanda kuhuisha cheti mara tatu, mwaka 2008, 2011 na 2014, akastaafu tarehe 31 Machi 2016, na kwa miaka hiyo yote alipokutana na wale kumi na wanane njiani, wengine walivuka barabara.

Aliugua figo kuanzia Oktoba 2021, na tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024, akiwa amelazwa, fundi wa mashine namba tatu alikuja, akakaa, akamenya chungwa, na dada akamuuliza lile alilokuwa nalo kwa miaka kumi na saba, kama anaamini kwamba hakujua faili linakwenda kufanya nini. Fundi alimjibu, nami nilikuwepo, "Tulijua hukujua, dada, tulijua siku ile ile. Tulikungoja getini. Tulidhani utatoka na sisi." Dada akasema, "Nilikuwa nasomesha," kisha akasema, "Lakini geti lilikuwa wazi," na jioni ile akaniomba daftari.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu, miezi miwili na siku ishirini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana na mwalimu zamu za hospitali, na kampuni, iliyotuma shada, nasi tumelipokea. Wale kumi na wanane hatukuwapa taarifa, tuliona aibu, na ninyi mmejipa taarifa wenyewe, nimehesabu kumi na mmoja mmesimama nyuma, wakati mbele viti vipo. Mmoja wa waliosomeshwa na mshahara ule, baada ya nyinyi kutoka getini, ni mimi ninayewasomea, niliyerudi chuo ukubwani. Tafadhali njooni mbele mkae, nitasubiri.

Dada, wamekaa. Nawe sasa pumzika kwa amani.